Wiki Moja Diani kwa Jina la Mtu

"Pole kaka, jina lako halimo."

Dada wa mapokezi aliyasema hayo kwa upole wa Kimombasa, ule upole usioacha hata upenyo wa kugombania. Nyuma ya mwandishi walisimama mkewe, watoto wawili, mama mkwe, mabegi ya wote hao, na kapu la ukindu lililofunikwa kanga, ndani yake mikate ya ajemi na samaki wa kukaanga waliotoka Tanga alfajiri. Wageni wa Kizungu waliokuwa wakingoja ufunguo walisogea pembeni kidogo. Haikuwa dharau, ilikuwa samaki.

Mwandishi akaonyesha simu. Vocha ilikuwemo: hoteli ndiyo hiyo, tarehe ndiyo hiyo, chumba cha familia, usiku saba. Jina ndilo lililokuwa la binamu wa mkewe, mkazi wa Leicester, ambaye saa hiyo alikuwa amelala fofofo baada ya kukesha kazini ghalani, simu kaizima. Chumba kilikuwepo, kimelipiwa, kimetandikwa, na kilikuwa kikimsubiri mtu asiye na mpango wowote wa kuondoka Leicester.

Namna kitanda cha Diani kinavyoweza kumilikiwa Leicester na kupangishwa Tanga ni jambo ambalo, ukilitazama ukiwa umeketi na huna kapu la samaki, linastaajabisha kweli. Biashara ya mapumziko ya zamu, au taimusheya, ilikua Ulaya miaka ya 1960. Mwaka 1963 huko Uswisi ilianzishwa kampuni ya Hapimag, ambayo mwenye hisa zake hamiliki chumba chochote hasa, bali hupata pointi za kulalia kwenye majengo ya kampuni. Wengine waliuza wiki: unanunua, tuseme, wiki ya 24 ya kila mwaka katika fleti fulani ufukweni, na wiki hiyo ni yako, mvua inyeshe isinyeshe.

Tatizo la wiki yako ni kwamba inakuchosha. Ukienda mahali pamoja kila mwaka, mwaka wa nne unawajua mpaka paka wa pale. Ndipo Jon na Christel DeHaan wa Indianapolis, Marekani, walipoanzisha RCI mwaka 1974: wewe weka wiki yako sandukuni, mwenzio naye aweke yake, halafu mbadilishane. Hapo ndipo uhasibu wake unapoanza kunoga. Wiki zikapewa rangi kulingana na zinavyogombewa: nyekundu kwa msimu wa watu, nyeupe kwa katikati, bluu kwa wakati ambao hata wenyeji hawatoki nje. Baadaye pointi nazo zikaenea, na Disney, walipofungua klabu yao ya likizo huko Orlando, Florida, mwaka 1991, wakaziuza pointi tangu mwanzo. Kila chumba kina bei yake ya pointi kwa kila usiku wa mwaka. Pointi za mwaka huu unaweza kuzisukumia mwaka ujao, au ukakopa za mwaka ujao ukazila leo. Mikataba ya mwanzo ya Disney inaisha Januari 31, 2042, maana yake kuna watu duniani wanaoijua tarehe ya mwisho ya likizo zao kuliko wanavyoijua ya nyumba zao.

Florida, kwa haki yake, iliwahi kuiletea Tanga kitu cha kudumu zaidi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza kutoka huko miche 1,000 ya mkonge. Ikapitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe jirani na Pangani, na mashamba yote ya mkonge yaliyoifanya Tanga ijulikane yakatokana na hiyo 62. Mche wa mkonge hauandikwi tarehe ya kuisha. Pointi huandikwa.

Na ndiyo sababu hupangishwa. Mwenye pointi hudaiwa ada ya matunzo kila mwaka, aende asiende. Zikikaribia kuisha muda, naye hana likizo, hutafuta mtu: nipe fedha, mimi nitaingia kwenye akaunti yangu nikubukie. Mpangaji anapata chumba kwa bei ya chini, mwenye pointi anapata ada yake. Mama mkwe alieleweshwa kwa mfano wa nyumba ya urithi ya Ngamiani, Tanga, warithi wanane kwa vyumba sita, kila mmoja anakula kodi ya mwezi wake, na mwenye mwezi wa masika ndiye anayeziba paa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na huyo anayepangisha zamu yake, warithi wenziwe wanajua?"

Swali hilo lilipuuzwa, kwa kuwa mabegi yalikuwa yameshafungwa.

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa Tanzania, na pwani ya Kenya hoteli ziko nusu tupu. Pointi chache zinanunua usiku mwingi. Basi la Mombasa likawachukua stendi ya Kange. Barabara ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 za lami zilizogharimiwa na Wamarekani kupitia shirika lao la MCC, ni nyororo kiasi kwamba mtu anafika mpakani kabla hajamaliza kupiga hesabu ya alichookoa. Kadi za homa ya manjano zikatazamwa, hati zikagongwa muhuri, na kwenye njia panda ya Ukunda wakajibana kwenye tuktuk mbili hadi getini. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa na neno.

Sasa turudi mapokezini, ambako saa zilikuwa zinakwenda. Leicester wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa mbili, kwa hiyo kila mtu alipiga hesabu yake ya lini binamu angeamka, na zote zikakosewa. Watoto walilitazama bwawa la kuogelea kupitia kioo. Mama mkwe alivumilia kadiri ya adabu, halafu akatandika kanga juu ya meza ya kioo penye majarida ya gofu, akamega mkate, akampasulia mjukuu samaki kwa vidole, mfupa mmoja mmoja, na kuipanga mifupa kwenye kisahani cha majivu. Mhudumu alikuja kueleza kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Akakaribishwa. Akala kipande akiwa amesimama, ameipa kamera mgongo.

Binamu aliamka. Akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa na ile haraka ya mtu ambaye hajanawa uso. "Shemeji, nisikilize vizuri. Wakikuuliza, sema ni zawadi. Nimekupa zawadi. Usitaje pesa kabisa."

Hapa inabidi tusimame tena, maana kuna kanuni. Klabu nyingi za kubadilishana zamu zinamruhusu mwanachama kumpa ndugu au rafiki nafasi aliyoipata, mradi anunue cheti cha mgeni chenye jina la huyo anayekwenda. Lakini zinakataza kuiuza nafasi hiyo. Pointi za klabu yako mwenyewe, ndani ya hoteli za klabu hiyo, mara nyingi unaruhusiwa kuzipangisha, ilimradi usigeuze kuwa duka. Nafasi uliyobadilishana ni habari nyingine. Leicester walikuwa na pointi za Tenerife. Diani waliipata kwa kubadilishana. Cheti cha mgeni hakikununuliwa, kwa sababu kina bei, na bei hiyo ingepunguza faida ya Leicester.

"Kwa hivyo huyu mwanachama amewapa zawadi?" aliuliza dada wa mapokezi, kalamu mkononi.

"Naam. Zawadi," alisema mwandishi.

Mama mkwe aliinua kichwa kutoka kwenye mifupa. "Zawadi? Mwanangu, laki tisa za kikoba chetu cha Makorora zimekuwa zawadi tangu lini?"

Yule dada akainama nyuma ya kompyuta yake, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliporudi, uso wake ulikuwa mnyoofu na macho yana maji. Kwa hisani ambayo mwandishi bado anaikumbuka, aliandika alichoandika bila kuuliza zaidi. Cheti kikanunuliwa Leicester kwa kadi, jina la mwandishi likajitokeza kwenye skrini, herufi mbili zimekosewa, na mama mkwe akasema alhamdulillahi.

"Sasa," alisema yule dada, "tumalize ada ya kila-kitu-ndani."

Maelezo yake ni haya. Pointi hununua chumba. Hazinunui chai. Hoteli inayouza malazi pamoja na chakula na vinywaji vyote kwa bei moja haitaki mtu wa kubadilishana zamu alale bure halafu anywe maji ya bomba, kwa hiyo inaweka ada ya lazima kwa kila kichwa kwa kila siku, ilipwe mlangoni. Haikwepeki kwa kusema hatutakula. Dola 45 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto, na mtoto mwisho miaka 12. Kijana wa mwandishi ana miaka 13. Akatangazwa mtu mzima papo hapo, akafungwa bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa, ile inayomruhusu aliyeivaa kuagiza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu mmoja wa familia akatabasamu. Dada yake mwenye miaka tisa alipewa ya kijani, akalia.

Watu wazima wanne, mtoto mmoja, siku saba: dola 1,417 na senti. Kwa shilingi za kwetu ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Isitoshe, chumba kiliandikiwa watu wanne, na wa tano angehitaji chumba chake. Macho yote yalimwendea wa tano, ambaye alikuwa anakunja kanga yake taratibu, kona kwa kona, kama haimhusu.

Wakati huo iliingia familia kutoka Voi. Baba akatoa kitambulisho, akaonyesha kwa kidole kibao kidogo cha mbao pembeni ya saa ya ukutani, akalipa, akapokea ufunguo, wakapita. Kibao kilisema: bei ya wakazi wa Afrika Mashariki. Kilikuwa hapo asubuhi nzima, usawa wa kichwa cha mwandishi, kikieleza kwamba raia wa Kenya, Tanzania na majirani zao hulala na kupata chai na chakula cha jioni kwa bei ambayo, ukiigawa kwa vichwa, ilikuwa chini ya ile ada ya bangili peke yake.

Wakabandua bangili. Wakalipa bei ya wakazi kwa vyumba viwili, kwa usiku ambao mfuko uliruhusu, ambao haukuwa mwingi. Chumba cha Leicester kikabaki kitupu, kimetandikwa, kina jina la mwandishi kwa herufi zilizokosewa. Watu wa Tanga wana msemo wao kuhusu mji: waja leo, waondoka leo. Safari hii walivuka nao mpaka.

Kima wa Diani alichukua ajemi la mwisho kutoka mkononi mwa mama mkwe. Bahari, kwa ajili ya kusi, ilikuwa na mwani hadi magotini.

Kinachomkera mwandishi, akishamaliza kuchekwa, ni kwamba katika mnyororo wote huu aliyetoa fedha ndiye pekee asiye na hati. Uingereza ilitunga sheria ya taimusheya mwaka 1992, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994, na agizo jipya la Umoja huo la 2008 linampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo, kwa sababu watalii walikuwa wakisimamishwa barabarani huko Tenerife, wanapewa kadi za kukwangua, kila kadi inashinda, na zawadi yenyewe inachukuliwa ofisini baada ya kusikiliza maneno saa nyingi. Binamu aliinunua zamu yake kwa kadi kama hiyo, akiwa fungateni. Sheria inamlinda yeye. Klabu ina mkataba naye, hoteli ina mkataba na klabu. Mpangaji wa pointi ana ujumbe wa sauti. Laki tisa zilizokusanywa kidogo kidogo na akina mama wa Makorora, walioketi uani kila Jumapili na daftari lao, zimeziba pengo la ada ya matunzo ya fleti ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeiona, na hakuna ofisi yoyote, Tanga, Mombasa wala Leicester, inayopokea lalamiko la mtu aliyelipia zawadi.

Mwandishi alidai arudishiwe. Mabishano yalikwenda majuma kadhaa, mke akiwa katikati kama mshenga wa ndoa iliyokwisha kuvunjika, na mwishowe Leicester wakakubali kurudisha, ila fedha zilishatumika. Wamerudisha pointi. Zinatosha studio ya watu wawili huko Tenerife, wiki ya bluu, na zinaisha Desemba. Tenerife iko Visiwa vya Canary, ambavyo ni Hispania, kwa hiyo inatakiwa viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa kila mtu mzima, hazirudishwi hata ukinyimwa. Mwombaji anatakiwa kuonyesha pia uthibitisho wa mahali atakapolala. Binamu amesema cheti cha mgeni atakinunua viza ikishatoka.