Ombi la Kuandikishwa Kuwa Mzigo: Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam

Mstahiki Meya,

Baada ya salamu, na baada ya taadhima inayokustahili wewe pamoja na Baraza lako la Madiwani, naomba ruhusa nilete mbele ya hadhara ombi ambalo, nadhani, halijapata kuingia katika ofisi za mji huu tangu Sayyid Majid alipouanzisha katika miaka ya 1860. Nalo ni kwamba mimi, raia mtiifu, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye maskani yangu sasa yako Chanika, nifutwe katika daftari la wakazi na kuandikishwa katika daftari la mizigo, ili kwa hadhi hiyo mpya nipate tena mahali pa kulaza ubavu katika mtaa kilipozikwa kitovu changu.

Nisidhaniwe kuwa natania. Nimeutazama mtaa wetu kwa muda mrefu, tena kwa utulivu wa mtu asiye na duka, nikabaini kuwa kila kilichofungwa kwa kamba kina makao bora kuliko kila kilichopuliziwa roho. Vitenge vinalala ghorofa ya tatu penye upepo. Viatu vya plastiki vina stoo yenye mlango wa chuma, kufuli mbili na mlinzi. Masufuria ambayo hayajapata kupika hata uji yamepangwa hadi darini mahali palipokuwa pakipikwa pilau ya arusi kwa kuni za mkoko. Muuzaji wa vitu hivyo, ambaye kwa siku nzima ameviita vizuri na kuvisifu kwa wateja, jua likichwa hufunga frem, akagombania mlango wa mwendokasi au daladala, akafika Kimara, Mbagala au Gongo la Mboto watoto wakiwa wamekwisha kulala. Na kabla ya jogoo kuwika mara ya pili huyo amerudi njiani, kwenda kuviamsha vitenge.

Huenda Mstahiki akajibu kuwa mambo haya ni ya juzi na kwamba yataondoka yenyewe. Walakini mtaa wetu haukuharibika ukubwani, ulizaliwa hivyo. Ardhi yake ilikuwa shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, na serikali ya Kijerumani iliinunua kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kusudi la kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, baidi na nyumba za wakubwa zilizoelekea bahari. Mitaa ikapimwa kwa kamba, ikanyooshwa, na jengo la soko likasimamishwa. Lakini kabla soko halijapata umaarufu wa kuuza mchicha, vita ikawadia, Waingereza wakauteka mji mnamo Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya Kikosi cha Wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza, likiisha kulainishwa na ndimi zetu, ndilo tunaloandika juu ya bahasha hata leo. Watu hao walikusanywa kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, wengine kwa ujira na wengine kwa nguvu, wakabeba unga, risasi na mahema porini, wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na tumbo, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na adui. Vitabu vya vita ile vinaonyesha jambo moja ambalo nakuomba ulitie maanani kwa ajili ya ombi langu: mizigo ilihesabiwa, wachukuzi wakakadiriwa.

Mnamo 1927 serikali ya Kiingereza ikasimamisha Mnara wa Askari katikati ya mji. Aliyetengenezwa kwa shaba ni askari na bunduki yake yenye singe. Mpagazi alitosheka kutajwa katika maandishi ya chini, maana sanamu ya mtu mwenye gunia kichwani ingewapa wapita njia fikira zisizopendeza. Yeye aliachiwa kambi, na kambi ikarudi kuwa soko.

Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Katika mgawanyo wa Waingereza, ambao uliwaweka Wazungu Uzunguni, Wahindi Uhindini na sisi Uswahilini, na kuuacha uwanja wa Mnazi Mmoja katikati ili mbu zetu na pumzi zetu zisivuke kwenda kwa wengine, ilichipuka nyumba ambayo nitaisifu hata kama sifa hizo zitanipunguzia nafasi ya kuhesabiwa mzigo. Ilikuwa nyumba ya udongo na miti, paa lake makuti, au madebe yaliyopasuliwa, au bati kwa aliyejaaliwa. Vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati uliotoka mlango wa mbele mpaka uani, na uani mna jiko, choo, kisima cha bahati na mti mmoja usiokuwa na mwenyewe. Mwenye nyumba, ambaye mara kwa mara alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko mumewe, alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyosalia kwa mwezi. Na mpangaji aliyechelewa kulipa alisutwa kwa maneno ya uani, ambayo hukumu yake ilikuwa nzito kuliko ya hakimu, lakini chakula cha jioni hakunyimwa. Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wangazija na Wanubi walifahamiana kwa kugawana ukuta mmoja, nayo majina ya mitaa kama Nyamwezi, Swahili, Pemba na Mafia yangali yakikumbusha kuwa hapa palikaa watu wa kutoka mahali.

Mbele ya nyumba palikuwa na baraza. Pale ndipo kahawa iliponywewa na kashata, bao likachezwa, posa ikajibiwa, na serikali ikasengenywa, kwanza kwa sauti ya chini na baadaye kwa sauti ya juu. Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waliounda Chama cha Waafrika mnamo 1929. Mwanawe Abdulwahid akawa msimamizi wa soko la Kariakoo, na akiwa huko kwenye mizani na vitunguu akawa pia miongoni mwa watu walioandaa mambo makubwa zaidi. Na tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la chama hicho kwenye mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, ikazaliwa TANU. Nimepata kuwaza, Mstahiki, lau waasisi wale wangechelewa wakaja zama zetu, mambo yangekuwaje. Dalali angewapokea pembeni ya barabara, akadai kodi ya mwezi mmoja kuwa haki yake ya kuwaonyesha mlango. Mwenye jengo angetaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mpangaji aliyemo angetaka kilemba cha mamilioni ndipo atoke. Na baada ya hayo yote wangeambiwa kuwa ukumbi umekwisha gawanywa frem nane, na kwamba uhuru, kama si wa jumla na rejareja, hauna nafasi.

Jinsi nyumba hizo zilivyokwisha ni kisa cha kuchekesha kwa mtu anayeishi mbali nacho. Sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000, ikamkabidhi Msajili wa Majumba, na nyumba zetu za udongo zikasalimika kwa sababu hazikuwa na thamani ya kutwaliwa. Tulishukuru. Hatukujua kuwa ufukara uliotuokoa na serikali hautatuokoa na soko. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, na wanunuzi walipoanza kumiminika kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo kuja kuchukua bidhaa kwetu, iligunduliwa kuwa nyumba haina kitu ila kiwanja kilicho chini yake ni johari. Akaja bwana mmoja mpole, mwenye tasbihi na karatasi, akawaambia warithi, ambao kwa kawaida ya mirathi walikuwa wengi na hawapatani, kuwa wao walete ardhi na yeye alete fedha, kisha wagawane ghorofa. Huo ndio ubia. Katika ukoo wetu ubia ulileta amani ya ajabu: ndugu ambao hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya chumba cha uani sasa hawana chumba cha kugombea, na kila mmoja ana eneo lake kubwa huko Chanika, mahali ambapo hata tukigombana hatusikiani.

Kuna jambo moja ambalo naliondoa katika mzaha huu. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo juu ya watu waliokuwa katika shughuli zao. Waliokufa walizidi ishirini, na waokoaji wakafukua kwa siku kadhaa huku sauti zikisikika chini ya zege. Serikali iliunda tume ya kuyakagua majengo ya mtaa mzima. Mungu awarehemu waliofariki. Ninalouliza ni hili tu: mtaa ambao kila shubiri ya ardhi, kwenda juu na kwenda chini, inadaiwa izae kodi, nani ndani yake atakayekuwa na faida ya kuuliza nguzo imebeba nini?

Nirudi katika ombi. Ushahidi kuwa mizigo inasikilizwa upo, na ni wa kuridhisha. Mnamo Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kwa kuchoshwa na mambo ya kodi, bidhaa zikakaa gizani, Waziri Mkuu mwenyewe alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na nchi nzima ikasikiliza pamoja naye. Jambo jema. Lakini wakazi walipofunga nyumba zao, mmoja baada ya mwingine, wakapakia magodoro juu ya gari la kukodi na kuondoka, sikumbuki kumwona hata mjumbe wa nyumba kumi akija kuuliza wanakwenda wapi. Vivyo hivyo soko kuu, lile lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu wetu, kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga mvua na jua, na kufunguliwa mwaka 1975, lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, machozi yalikuwa ya kweli, fedha zikatafutwa, jengo likakarabatiwa na jingine likainuliwa kando yake. Vitunguu vikarudi nyumbani. Sina wivu navyo, nataka mfano.

Tena nina manufaa. Jiji linapenda watalii, nao wakija Kariakoo huonyeshwa vitambaa na kuonywa juu ya mifuko yao, kisha wakarudishwa hotelini. Mimi nikiwekwa katika rafu nzuri naweza kuwaongoza. Ningewapitisha Mtaa wa Kongo, ambako mtu hahitaji miguu kwa kuwa umati humchukua mpaka mwisho, atake asitake. Ningewafikisha Mtaa wa Msimbazi kwenye jengo la Simba, iliyoanza 1936, kisha nikawapeleka Jangwani kwa Yanga, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, na hapo ningewaacha wakae kidogo zaidi, kwa sababu ambazo mzee wa Kariakoo halazimiki kuzieleza. Mwisho ningewaonyesha kituko adimu ambacho vitabu vya wageni havikitaji: nyumba ya vyumba sita iliyosalia katikati ya ghorofa mbili, yenye bibi barazani, anayewafukuza madalali kwa ufagio. Naomba nisitaje mtaa wake, maana wewe utaisoma barua hii kwa nia njema, na wao pia wataisoma.

Kuhusu taratibu, niko tayari kwa yote. Nitakubali kufungwa kamba mbili, kubandikwa karatasi ya bei, na kupandishwa ngazi juu ya mabega ya kijana yeyote mwenye mkokoteni, kwa kuwa babu zetu walibeba na sasa ni zamu yangu kubebwa. Sihitaji dirisha, mabegi ya shule hayana dirisha na hayajapata kulalamika. Mke wangu anaomba asiwekwe pamoja na vyombo vya plastiki, kwa ajili ya harufu, bali katika stoo ya magauni ya arusi, na ikiwezekana iwe upande wa Msimbazi, kwani yeye, kwa majaliwa ya Mola, ni mtu wa Simba. Ushuru tutalipa. Ninachoomba kufahamishwa mapema ni kama unatozwa kwa kichwa au kwa kilo, maana tangu tuhamie Chanika, ambako kila kitu kiko mbali isipokuwa jiko, nimenenepa.

Nabaki, Mstahiki, mtumishi wako mtiifu, nikingoja risiti,

Mzaliwa wa Kariakoo
Chanika