Kibao Kimoja, Picha Kibao

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kibao,
Popote ulipo,
Tanga.

YAH: KUPIGA PICHA MJI NILIOZALIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nimeshindwa kujua jina lako wala ofisi yako, maana kibao chako hakina sahihi. Kina maneno matatu, HAIRUHUSIWI KUPIGA PICHA, kwa rangi nyekundu iliyopaushwa na chumvi ya bahari. Hakisemi asiyeruhusu ni nani, wala katazo linaanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Nikikosea mlango, waungwana watakufikishia.

Shangazi yangu yuko Muscat tangu mimi sijazaliwa. Magoti yamemgomea, safari haziwezi tena, basi kila Ijumaa hunipigia simu kuuliza hali ya mji kama mtu anayeulizia mgonjwa. Mnara wa Saa upo? Zile nyumba zenye roshani bado zimesimama? Mwezi uliopita akaniomba picha ya jengo ambalo babu yangu, yaani baba yake, alifanyia kazi miaka ishirini na mitano. Jengo lenyewe silitaji. Nikatoa simu, nikapiga moja. Kabla sijaitazama akatokea kijana wa ulinzi, kirungu kwapani, akaniamuru nifute. Nikafuta. Tanga husemwa waja leo, waondoka leo; picha yangu ilikuja na kuondoka ndani ya dakika moja.

Kijana akataka kujua napigia nini. Nikamweleza habari za shangazi. Akasikitika, akamwombea afya, akasema yeye hana kinyongo na mtu, amri ni amri. Tulipokwisha kupeana mikono akaniuliza kama simu yangu inatoa picha nzuri. Akasimama chini ya mwarobaini, akaweka kofia sawa, akaomba nimpige moja na kumtumia kwa WhatsApp. Mheshimiwa, nyuma ya bega lake la kushoto, kuanzia msingi hadi paa, limesimama jengo lako. Shangazi ameshaipokea. Anasema kijana anapendeza, ila angesogea kidogo.

Sisemi kwamba huna hoja. Mji huu una sababu ya kuwatilia shaka wanaochungulia. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilikuja hapa, na nahodha wake, Caulfeild, akamuuliza mkuu wa wilaya wa Kijerumani kama bandari imetegwa mabomu. Aliuliza hivyo hivyo, kama mgeni anayeulizia choo. Akajibiwa kwamba imetegwa. Haikuwa na bomu hata moja. Basi Waingereza wakashusha watu wao wapatao 8,000, wengi wakiwa askari wa Kihindi, kule Raskazone, wakajitosa katika mashamba wasiyoyajua, wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, lisilozidi sana watu elfu moja, na nyuki nao wakachukua zamu yao. Tarehe 5 walikuwa wakirudi melini, silaha wameziacha ufukweni. Ukiniambia kwamba kutojulikana kwa Tanga kuliwahi kuiokoa Tanga, nitakubali, ingawa iliyookoka siku ile ilikuwa Tanga ya Kaizari.

Naielewa pia Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, kama ndiyo mzizi wa kibao chako. Wakati huo Wareno walikuwa wangali Msumbiji, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa wageni wetu, na mtu mwenye kamera shingoni akizungukazunguka gatini alistahili kuulizwa amepotelewa na nini. Kamera zilikuwa za kuhesabu, filamu zilisafishwa studio, na mwenye studio alijulikana hadi kwa wakwe zake.

Leo je? Upanuzi wa bandari ya Tanga umetangazwa nchi nzima: gati za mita 450, kina cha mita 13, shilingi bilioni 429.1. Picha zake zimepigwa kutoka angani, zikarushwa mitandaoni na muziki juu yake. Bomba la mafuta ghafi lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na ramani yake anaiona yeyote mwenye bando. Setilaiti hupita juu ya vichwa vyetu na sijasikia imeombwa kitambulisho. Kwenye Google naliona paa la mama yangu kule Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Nikisogeza kidole kidogo, naliona na la kwako. Kwa hesabu zangu, wasioruhusiwa tumebaki wawili: mimi na shangazi.

Lililonichoma hasa ni hili. Usiku ule, kwa kuona haya, nilimtafutia shangazi picha nyingine mtandaoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imehifadhi maelfu ya picha za Jumuiya ya Wakoloni wa Kijerumani. Unaziangalia bure, saa yoyote, na hakuna wa kukushika mkono. Tanga imo, ile ya enzi za reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Mkoloni aliipiga picha bila kumwomba mtu kibali, kwa kuwa alidhani ni mali yake. Sasa mjukuu wa aliyebeba mataruma ya reli hiyo akitaka kuuona mji wa babu yake, njia yake inapita Ujerumani. Na lile jengo alilofanyia kazi babu yangu, lilivyo asubuhi ya leo, chokaa inapukutika na mche wa mtini umeota kwenye ufa wa ukuta, picha yake haipo Frankfurt wala Ngamiani, ila ile iliyojificha nyuma ya bega la kijana. Nimewaza sana, huenda ufa ndiyo siri yenyewe. Adui akiuona atafanyaje? Nahofia atatuonea huruma, atutumie fundi.

Pale Tongoni kuna makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Nguzo nyingi zimeshalala chini, na anayetaka kujua zilisimamaje hana budi kuwategemea waliowahi kuzichora na kuzipiga picha. Hakukuwa na kibao siku hizo, tunashukuru.

Nimeambiwa niombe kibali. Nimekwenda. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili, ya pili ikanipeleka ya tatu, ya tatu ikasema suala hili ni la ya kwanza. Nilipata bahati ya kuzunguka majengo matatu ya kale, mazuri ajabu, yenye ngazi za mawe na milango ya mbao nzito. Ningekuonyesha, lakini unajua mwenyewe.

Kwa heshima na taadhima naomba utie sahihi kibao chako, ili tukikosana tujue nani wa kumsalimia. Naomba pia uchore mstari chini, tujue katazo linakoanzia, maana waendesha baiskeli wa mji huu wakipita hapo siku hizi huficha simu hata kama imeisha chaji. Na kama ulibakiwa na rangi nyekundu, dirisha la upande wa bahari linaihitaji.

Ijumaa ijayo saa kumi jioni nitakuwa Bustani ya Jamhuri, kumpigia shangazi Mnara wa Saa. Ukimtuma kijana wako, mwambie asisahau kofia. Safari hii nitamsogeza kulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga Picha Asiye na Picha,
Ngamiani.

Nakala: Nyuki wa Raskazone, kwa taarifa.