Sifa za Rimu Kubwa

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Rimu ya inchi 18 imenyongwa vya kutosha. Mafundi waaminifu wanaikunjia uso, mama watoto anaisonya, na abiria wa kiti cha nyuma wanaishtaki kwa bibi yao. Hakuna aliyesimama kuitetea pale ilipofungwa: chini ya gari la familia, lile la kupeleka watoto shule asubuhi na kurudi jioni na gunia la mkaa kwenye buti. Basi nasimama mimi.

Sifa huanza na nasaba. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Kilichomsukuma ni huruma ya baba. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi magumu, na kila alipopita juu ya mawe ya mtaani alitikisika meno. Baba akafunga mpira, akaujaza upepo, mtoto akapumzika. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelipata wazo hilo tangu 1845, ila halikushika soko. Tangu Dunlop, watoto wa dunia wamekalia upepo wa baba zao, wakadekezwa vizazi na vizazi. Rimu kubwa imekuja kulikomesha deko hilo.

Tazama hesabu yake ilivyo safi. Magari mengi ya familia hutoka kiwandani na tairi la 195/65R15: upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127, na rimu ya inchi 15. Fundi mwenye adabu akikufungia 225/40R18, kimo cha gurudumu zima hakiongezeki hata milimita tatu. Kinachopungua ni ubavu: unabaki milimita 90. Milimita 37 za mpira na upepo zimeondoka, mahali pake imekaa aluminiamu. Na tuseme kweli, aluminiamu inang'aa. Nani aliwahi kusimama sheli akasifiwa upepo wake?

Faida ya kwanza ni elimu. Zamani mtoto alisinzia kwenye lami akaamka mlangoni kwao, hajui alikopita. Leo anaisoma njia ya vumbi ya mtaani kwa uti wa mgongo, shimo kwa shimo, na akifika darasa la pili anaweza kukuchorea ramani yake amefumba macho. Baba naye anajifunza unyenyekevu. Aliyekuwa akiruka matuta sasa anayapanda kwa ubavu, gurudumu moja moja, huku bajaji zikimpita kulia na kushoto.

Faida ya pili ni uchumi. Tairi lenye ubavu mfupi likigonga ukingo wa shimo, hubanwa kati ya ukingo huo na rimu, nyuzi za ndani zikakatika, na upepo ukatafuta njia ya kutokea. Ubavuni pakaota nundu. Nundu haizibwi kama pancha. Tairi ni la kutupa. Na kwa kuwa tairi jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hufanya gari livute, utanunua mawili. Shokapu, bushi, bolijoint na beringi nazo zinapokea kila kipigo ambacho zamani kilimezwa na upepo. Pale Gerezani, Kariakoo, kuna wauza spea wanaosomesha watoto kwa milimita 37 zako. Sadaka gani nyingine hutolewa kila mwezi bila mtoaji kukumbushwa?

Wapo wasiopenda ubavu mfupi, nao wana madhehebu yao. Hawa hufunga rimu ya inchi 17 na tairi la 215/55, gurudumu zima likarefuka kwa zaidi ya asilimia tano, gari likanyanyuka milimita 17. Baraka zao ni nyingi zaidi. Ikiwa mshale wa spidi ulikuwa mkweli, sasa utasoma 50 wakati gari linakimbia karibu 53, na trafiki mwenye tochi atakufundisha tofauti hiyo kwa risiti. Ila usinung'unike, kwani kila kilomita 100 unazotembea zinahesabiwa 95 tu. Gari linazeeka polepole kuliko mwenyewe, na siku ya kuliuza utasema halijatembea sana huku dashibodi ikikuunga mkono.

Gurudumu kubwa pia ni sawa na kuongeza gia ndefu ambayo injini haikuiomba. Panda mlima Kitonga na watoto watano, masanduku na jogoo wa zawadi, uone. Mwendo utakuwa wa kutafakari. Mtaiona milima, mtayaona makorongo, na lori la Zambia lililowapita litawapa nafasi ya kusoma maandishi yote ya nyuma yake.

Kubwa kuliko yote, gurudumu hili huchuja ndugu. Gari likibeba watu wawili halina neno. Wakikaa watatu nyuma, bodi inashuka, fenda inaanza kulikwangua tairi kila mnapokata kona. Hapo huna haja ya kumkatalia shemeji mwenye magunia mawili ya mahindi. Fenda yenyewe itamkatalia, naye atapanda basi bila kinyongo. Na mkipata pancha porini, spea ya zamani ya inchi 15 ipo: mtafika nyumbani, gari likitembea kama mtu aliyevaa buti mguu mmoja na kandambili mwingine.

Adui mkubwa wa sanaa hii si mke wala fundi. Ni kibandiko kidogo kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambapo kiwanda kimeandika ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo, mbele na nyuma. Kinajua gari lako lina uzito gani, na kingependa usome pia namba ya mzigo ubavuni mwa tairi: 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja. Kingependa utazame na zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, maana 2316 ni tairi lililozaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji wa mtumba amelipaka dawa likametameta. Kibandiko hiki hakina ladha ya urembo. Wapenda rimu wengi wameishi nacho miaka mingi bila kukisalimu, nami nawapongeza kwa msimamo.

Kasoro nimeikuta moja tu, na siifichi. Rimu kubwa huonekana na kila mtu isipokuwa waliomo ndani ya gari. Muuza karanga anaiona, bodaboda anaiona, trafiki anaiona mapema kuliko wote. Aliyeilipia anaona dashibodi na kusikia mashimo. Dawa yake ni rahisi. Ukishafunga zote nne, mkabidhi jirani ufunguo, aipakie familia yake, nawe uvute kiti barazani uitazame mali yako ikipita.