Tani Saba za Balasti

"Boss, tumwage wapi?"

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nami nimesimama nje ya geti na mswaki mdomoni. Nilidhani kijana wa lori anauliza mahali pa kumwaga maji ya rejeta. Nikamwonyesha kwa mswaki: hapo hapo tu, bila shida.

Bodi la lori likainuka taratibu, kisha likaachia. Nadhani walisikia hata ng'ambo ya Mto Migori. Vumbi lilipotua, geti la ploti lilikuwa limezikwa mpaka kwenye komeo, kuku wa jirani walikuwa juu ya mabati, na utingo alikuwa ananipa risiti: balasti, lori moja, tani 7, shilingi 14,000. Mimi nilikuwa nimeagiza kitu cha kutia mfukoni.

Ijumaa usiku taa ya sebuleni, ile ya tyubu ndefu, ilipepesa mara tatu ikafa. Fundi wa umeme alipanda juu ya meza yangu ya chakula, akagonga-gonga, akashuka na hukumu: "Balasti imekufa. Tafuta balasti, kesho nafunga." Mafundi wengine wote wa umeme ninaowajua hapa mjini hukiita kifaa hicho choki. Huyu amesoma chuo. Nikampigia kijana ninayemfahamu katika duka moja la vifaa vya ujenzi.

"Nataka balasti," nikamwambia.

"Ya nusu au ya robo tatu?"

Nikafikiri anauliza urefu wa tyubu. "Ile ya kawaida ya nyumba."

"Ngapi?"

"Moja tu. Lakini iwe kubwa, isije ikaungua tena."

Akacheka kama mtu aliyesikia utani mzuri. "Kubwa moja. Nitatuma na lori asubuhi, tutamalizana ikifika." Nikalala nikimsifu. Kijana muungwana, nikasema, anapachika kifurushi changu kwenye lori linalopita ili nisilipe boda.

Kabla hujanicheka, nikueleze kile nilichokuwa nakitaka, maana tangu siku hiyo nimekisoma kuliko nilivyosoma kitu chochote tangu mtihani wa darasa la nane. Ndani ya tyubu kuna gesi kidogo na mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki hutoa miali ya urujuanimno ambayo jicho halioni. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaoigeuza ikawa mwanga. Shida ni tabia ya gesi. Waya wa kawaida hubishana na umeme. Gesi huukaribisha, na kadiri umeme unavyoingia ndivyo mlango unavyozidi kupanuka, kama harusi isiyokuwa na kadi. Ukiiunganisha moja kwa moja na volti 240 za ukutani, itakunywa hadi ijiangamize. Ndipo huwekwa balasti: waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya vibati vya chuma vilivyobanwa pamoja. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili ile haipendi mabadiliko. Kila umeme unapotaka kuongezeka, koili hujenga sumaku inayousukuma nyuma. Yenyewe haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuwa nzito, kuwa mtu mzima katika chumba cha watoto. Na ule mngurumo unaousikia usiku ukadhani ni mbu ni chuma hicho kikitikisika mara 100 kwa sekunde, mara mbili kwa kila safari ya umeme.

Hayo yote ningemweleza mama mwenye ploti, lakini hakuwa na nafasi. Alikuwa upande wa ndani wa geti, amevaa nguo za kanisani, Jumamosi ndiyo Sabato yake. "Wuoda," aliita kupitia tundu la komeo, "hii ni nini?" Nikamwambia ni taa. Kimya kilichofuata sitakisahau. Ilibidi vijana wawili wamwinue juu ya ukuta na kitabu chake cha nyimbo.

Majirani walikuja kunipongeza. Mmoja aliuliza kama ni ghorofa. Kufikia saa nne habari ilikuwa imesafiri mpaka Rongo, ikakata kona, ikafika Homa Bay kabla ya chai ya mchana. Mamangu akapiga.

"Nasikia unajenga."

"Nani amesema?"

"Usiniulize nani. Unajenga Migori, na simba yako hapa nyumbani imelala upande kama mlevi?"

Kwa asiyejua desturi zetu, mtoto wa kiume wa Kijaluo huanza na simba, kibanda chake katika boma la baba yake. Baadaye hutoka kwenda kuanzisha dala lake, na hatoki hivi hivi: kuna jogoo, kuna shoka, na kuna mzee wa kutangulia. Mtu anayemwaga kokoto mjini kabla ya hayo amewatangazia watu kwamba hana kwao. Jioni baba mdogo naye akapiga, sauti imeshuka. "Jogoo alibebwa na nani?" Nikajibu kwamba hakukuwa na jogoo, kulikuwa na tyubu. Akakata simu.

Usiku huo, gizani, nikatumia mwanga wa simu kulitafuta neno lenyewe, kama mtu anavyotafuta ukoo wa mwizi. Wanaisimu wengi hulirudisha kwa mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya: barlast, yaani bar, tupu, na last, shehena. Mzigo mtupu. Meli isiyo na shehena huelea juu mno na upepo huilaza, kwa hiyo hutiwa mawe au mchanga tumboni, mzigo ambao hakuna anayeungoja bandarini. London biashara hiyo ilikuwa na wenyewe: mwaka 1594 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliipa Trinity House haki ya kuziuzia meli changarawe iliyochotwa kutoka Mto Thames. Meli zilizopeleka makaa ya mawe London zilirudi Newcastle na changarawe, zikaimwaga kando ya Mto Tyne hadi ikawa vilima. Vilima! Nilipofika hapo nilichungulia dirishani nikaona changu, nikajisikia nina wenzangu.

Reli zilipokuja, mawe ya kushikilia mataruma yasiteleze na maji yasituame yakaitwa jina hilohilo. Wajenzi nao wakalichukua kwa mawe ya zege, na watu wa umeme wakalipenda kwa sababu koili yao hutuliza kama mawe yanavyotuliza meli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, enzi mji huo ukiitwa Port Florence. Huku kwetu kusini mwa ghuba ya ziwa haikufika. Neno ndilo lililofika.

Na linaloniuma ni kwamba hatukuwa na haja nalo. Mawe ya chomboni Kiswahili kinayaita farumi, neno la manahodha wa pwani, limo kamusini, limelala huko kama bibi aliyesahauliwa kwenye kiti. Mawe ya zege ni kokoto. Cha umeme ni choki, japo nalo tulilikopa. Maneno matatu kwa vitu vitatu! Ningesema choki, ningelala na mwanga. Lakini fundi amesoma chuo, duka linaandika risiti kwa lugha ya risiti, na mimi nilitaka nionekane naelewa.

Jumapili nikapanda matatu kwenda Homa Bay kujieleza. Njiani abiria mmoja alishuka mahali wanapovunja mawe, nami nikashuka naye. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, kivuli chake ni mwavuli uliokatika mbavu mbili. Jiwe alilizungushia pete ya mpira wa tairi ili lisiruke, akaligonga, akaligonga tena. Hakuwa na miwani wala glavu. Nikamsalimia nikamuuliza lori kama lile langu humchukua muda gani. Majuma matatu, akasema, watoto wakisaidia shule ikifungwa. Nikamuuliza bei. Alichotaja kilikuwa chini ya theluthi ya risiti yangu, na hiyo ni mwenye lori akiwa na moyo mzuri, maana huku tani hazipimwi kwa mizani. Bodi la lori ndilo kipimo, na jicho la mwenye lori ndilo hakimu. Akitikisa kichwa kuonyesha halijajaa, anaongezewa debe la bure. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikijiona mtu aliyeibiwa. Nilimwangalia yule mama akipepesa jicho moja, jekundu, nikaona aibu ya kulalamika kwangu. Nilinunua mahindi ya kuchoma kwa mwanawe nikapanda gari lililofuata.

Mamangu alinielewa. Baba mdogo hajaelewa bado.

Nimejaribu kuzirudisha. Dukani wakaniambia kokoto hairudi. Nikajaribu kuziuza, na mnunuzi wa kwanza alinitajia bei ya yule mama, bila hata kuona haya. Mwalimu mstaafu tunayekaa naye ploti moja akanishauri nijenge ukuta kama wa Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji huu, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zile zina takriban miaka 500 na nyingine hupita mita 4, mawe matupu bila saruji, na vijiwe vidogo vimeshindiliwa katikati ya safu ya nje na ya ndani. Nikamwambia waliozijenga walikuwa na ng'ombe wa kulinda, mimi nina redio.

Yaliyofuata hayafai aya. Fundi wa bomba aliponiambia floti imeisha, akimaanisha boya la tangi la choo, nilikwenda kwa wakala wa M-Pesa kumpa pole. Na hadikoo, mawe ya chini ya msingi, niliitafuta kwenye intaneti kwa simu ya mama mkwe.

Taa niliyofunga mwishowe ni ya LED, haitaki koili wala choki. Kokoto ziko palepale getini, tani 7 kasoro karai nne ambazo mama mwenye ploti alizibia tope la njia ya chooni. Zinauzwa. Anayezitaka asinipigie simu, tafadhali. Aje mwenyewe, na anionyeshe kwa kidole anachotaka.