Mbuzi Hawajasoma Ramani

Mtu aliyekulia Muheza akihamia Dodoma, cha kwanza kumtoka ni dharau kwa majani. Kwetu majani ni adui. Unayafyeka Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yamefika dirishani yanakuchungulia. Bibi yetu alikuwa akila embe anatupa kokwa nyuma ya jiko, na miaka michache baadaye wajukuu tukawa tunagombea kivuli chake. Mama alichomeka mti wa kufungia kamba ya nguo, mti ukachipua, mashuka yakaanza kushika utomvu. Hakuna aliyeviita vituko hivyo kilimo. Ilikuwa tu adha ya kuishi mahali penye mvua.

Dodoma, ukikutana na jani la kijani mwezi wa Septemba, unalipa salamu.

Tulikuja na serikali. Mwaka 2016 iliposemwa kwamba sasa tunahamia kweli, watumishi tukaanza kufunga magodoro, zamu kwa zamu. Nasema kweli kwa sababu uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulipitishwa mwaka 1973. Jirani yetu wa Iyumbu, mzee wa Kigogo ambaye boma lake lilikuwepo kabla ya mtaa wenyewe kuitwa mtaa, alitupokea kwa “Mbukwenyi” ya uso mkunjufu, akauliza tumetokea wapi. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba tunatoka Dar es Salaam, tumekuja na serikali.

“Marahaba, mwanangu. Karibuni sana,” akasema. “Tumewasubiri tangu nikiwa kijana. Tukajua mmepotea njia.”

Mama watoto ni mhasibu, na mhasibu hapandi mchicha bila bajeti. Kabla hatujamaliza kufungua maboksi alikwishachora ramani ya bustani kwa rula: matuta ya spinachi huku, nyanya na hoho kule, kona ya maua, kijia cha kokoto, na benchi la kukaa jioni tukinywa chai. Akaibandika jikoni. Ilikuwa ramani nzuri mno, kasoro yake ni kwamba ardhi haikushirikishwa.

Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi hautaki mazungumzo. Pigo la kwanza la jembe lilidunda, likaacha alama nyeupe chini. La pili likachomoa jembe kwenye mpini, likaruka ukuta. Kimya kidogo, kisha sauti ya mzee ikasikika ng’ambo: “Limefika salama!”

Alilileta mwenyewe, akakaa kwenye ngazi, akatutuliza kwa habari za Kongwa, ambako si mbali na hapa. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walitua Kongwa na mpango wa kulima karanga. Ekari zaidi ya milioni 3, zikiwemo za nchi jirani, zilikuwa zimeshalimwa kwenye karatasi. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa kazi. Mibuyu ikayagomea, nyuki wa mibuyuni wakawatoa watu mbio, mvua ikawatega, na jua lilipokaza udongo, hata karanga zilizokubali kuzaa zikakataa kung’oka. Mwaka 1951 shughuli ilikuwa imefungwa, na pauni kama milioni 36 zimelala ardhini.

“Sasa nyinyi mmekuja na jembe moja,” mzee akasema, akimrudishia mama watoto. “Mmepoteza kidogo sana.”

Basi tukasubiri mvua. Hapa hakuna masika na vuli, kuna msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ukijumlisha yote ya mwaka hayafiki milimita 600. Tanga mjini hupata zaidi ya mara mbili ya hizo, halafu watu wanalalamika. Lakini ile mvua ya kwanza ya Dodoma inaposhuka, vumbi linaponukia, mtu mzima anatoka nje bila mwavuli na wala haoni aibu.

Mbegu zikaatikwa kwa kufuata ramani. Spinachi ikachungulia, ikaona hali, ikarudi ndani. Kilichoota kwa fujo ni majani ambayo hayakuwa kwenye bajeti. Yalijaa kwenye matuta, kwenye kijia cha kokoto, hata chini ya gari. Watoto wakapewa kazi ya kuyang’oa kila jioni, malipo ni ubuyu wa rangi wa dukani, na kazi ikafanyika kwa uaminifu ambao sijauona kwenye masomo yao. Siku moja mke wa mzee akapita, akasimama mbele ya lile lundo nje ya geti, akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Mwanangu,” akamwambia mama watoto, “kuna msiba humu ndani? Mbona mnatupa mboga?”

Ulikuwa mlenda. Katikati yake palikuwa na mgagani. Tulikuwa tunang’oa mboga ili kuokoa nafasi ya mboga iliyokataa kuota.

Bibi akaingia na upekecho wake. Akachagua majani, mengine akayatandaza juu ya bati yakauke, mengine akayatia kwenye chungu cha maji yaliyochemka. Akaweka upekecho katikati ya viganja na kuuzungusha, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka kijani ikavutika na kung’aa, kisha akamwagia karanga zilizotwangwa. Ugali ulikuwa wa uwele, wa rangi ya majivu. Kitinda mimba wetu alichovya tonge, akalipeleka mdomoni, na uzi ukabaki unaning’inia kutoka kidevuni hadi kwenye bakuli. Akarudi nyuma ili uzi ukatike, nao ukarefuka. Akasimama, ukasimama naye. Akaanza kuelekea mlangoni. Bibi akamshika mkono, akamwonyesha: unachovya, unazungusha kifundo cha mkono mara moja, uzi unakatika wenyewe. Leo mtoto huyo anawafundisha wageni, na ana ukali ambao bibi hakuwa nao.

Sasa mbuzi. Mbuzi wa mzee hutoka bomani asubuhi, hurudi jioni, na njia yao ni moja tangu wakati wa baba yake. Walipokuja watu wa kupima viwanja, bikoni zikapigwa, namba zikatolewa, na njia ya mbuzi ikaangukia katikati ya sebule yetu. Mbuzi hawakupinga. Waliendelea tu kupita. Geti likiwa wazi, wanaingia kwa mstari, beberu mbele, wanazunguka nyumba kushoto, wanakagua matuta, wanatokea nyuma. Geti likifungwa, wanasimama nje wakilia hadi mtaa mzima ujue kwamba kuna mtu ameziba barabara. Nilipokwenda kuzungumza na mzee, alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea kigoda.

“Unasema kweli, mwanangu. Tatizo mbuzi hawajasoma ramani.”

Nikamkumbusha kwa adabu kwamba serikali iliwahi kuwaweza. Kule Kondoa mmomonyoko ulipozidi na makorongo kuanza kumeza mashamba, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililoharibika, ng’ombe, mbuzi, kondoo na punda, na majani yakarudi. Mzee akakubali kwamba hayo yalitokea.

“Lakini ile ilikuwa serikali nzima,” akasema. “Wewe uko peke yako, na mbwa wako nimemwona.”

Hapo hakunionea. Mbwa wetu anaitwa Kamanda, jina alilopewa Dar es Salaam, ambako adui mkubwa alikuwa kunguru. Usiku wa kwanza Iyumbu fisi alilia mbali, upande wa vilima. Kamanda akasimama, akageuza kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani kwa mwendo wa heshima, akapita sebuleni, akajikunja chini ya kitanda chetu, na tangu hapo ulinzi unafanyika kutokea huko. Mbuzi hawabwekei. Jioni wakipita huwasindikiza hadi uani, na majike huwa yanamlamba masikio.

Upepo nao una heshima yake. Unaanza kujitambulisha Juni, na kufikia Agosti umeshazoea nyumba. Vumbi jekundu huingia kwenye kabati lililofungwa, kwenye friji, kwenye daftari la hesabu za nyumbani. Nguo usipozibana kwa vibanio viwili viwili, zinahama mtaa. Akina mama wa kwetu wamejiwekea utaratibu wa kurudishiana kila Jumapili jioni. Tuliwahi kukaa na shati la mtumishi wa umma ambaye hatumjui, tukalifua, tukalipiga pasi, likaondoka likiwa safi kuliko lilivyokuja.

Kisa cha tangi ndicho kilichotutangaza. Ilikuwa siku moja kabla ya zamu yetu ya maji, na tangi la lita elfu moja lilikuwa tupu juu ya mnara wake. Upepo ukaja wa ghafla, ukalinyanyua, likashuka kwa kishindo, likapita kwenye geti ambalo Bwana Beberu alikuwa amelisukuma wazi, likashika barabara. Ni mteremko. Kamanda alitoka mbio, na kwa mbali mtu angedhani analifukuza, ila alikuwa mbele yake. Nyuma yake mama watoto, kanga moja, ndala mkononi. Dereva wa bodaboda akasimama, akazima pikipiki, akavua kofia ngumu. Na wale mbuzi, ambao hawajawahi kumpisha mtu, gari wala karani wa ardhi, wakagawanyika pande mbili. Tangi likakita kwenye mbuyu, likatulia.

Mzee alifika kwa mwendo wake, akaligonga kwa fimbo, likalia wazi. “Mwanangu, hapa kitu kitupu hakikai.”

Ndiyo maana sasa robo ya tangi letu ina maji ambayo ni marufuku kuyatumia. Mgeni akiomba kuoga wakati wa mgao, watoto humweleza kwa upole kwamba yapo maji, ila hayo si ya kuoga, ni ya uzito.

Mzabibu alitupa mzee huyohuyo, kipande tu cha tawi. Zabibu ni mtoto wa Dodoma: ukipogoa ipasavyo unavuna mara mbili kwa mwaka. Wetu ulipanda chanja cha geti kwa bidii, ukajaza majani, ukazaa kivuli kitupu. Mama watoto alikuwa bado anasoma kijitabu cha upogoaji, na mchwa nao walikuwa wanakisoma kutokea upande wa pili wa rafu. Walimaliza kabla yake. Asubuhi moja tukaamka kukuta mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameukwangua mzabibu hadi vikonyo. Mama watoto alilia. Wiki chache baadaye kila kikonyo kikatoa chipukizi, chipukizi likatoa kichala, na geti likainama kwa zabibu. Mzee akapita na bakuli.

“Nimefuata ada,” akasema. “Ya mafundi.”

Mama yangu alikuja treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Alipanda basi kutoka Muheza hadi Morogoro, akaingia kwenye treni akiwa amepakata chipukizi la mgomba alilolifunga kanga vizuri, ncha ikijificha kwenye ukosi. Abiria wa kando yake hakukohoa safari nzima, asije akamwamsha mtoto. Alipotufikia, kabla ya maji ya kunywa, aliuliza maji ya bafuni yanatokea wapi. Hapohapo akaupanda.

Alipokutana na bibi wa jirani, ulizuka mgogoro wa nani ampe mwenzake shikamoo. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Wakahesabu kwa wazazi. Bibi akasema mama yake alizaliwa njaa ya Mtunya inakwisha, na hapo sote tukanyamaza, kwa sababu Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haitajwi Ugogo kwa mzaha. Vita vya wakubwa vilipita hapa. Wajerumani na Waingereza wakachukua nafaka, ng’ombe na wapagazi, kisha mvua ikakata. Bibi alisema yeye alifundishwa na mama yake kwamba mvua ikinyesha, unakula leo na unaanika ya Oktoba. Mama akatazama yale majani makavu juu ya bati, akainamisha kichwa. “Shikamoo, dada.”

“Marahaba,” akajibu bibi, “na mgomba wako utakufa.”

Haujafa. Unaishi kwa kuoga kwetu. Mama hupiga simu kutoka Muheza kila jioni, anauliza kama watoto wameoga, na wao wanaamini bibi yao anajali usafi.

Mwezi uliopita mama watoto aliibandua ile ramani ya jikoni, akachora nyingine. Spinachi imepewa kona moja ndogo, kwa ajili ya heshima ya familia. Mlenda na mgagani vimepewa sehemu vilikokuwa tangu mwanzo, yaani kila mahali. Na kutoka getini, kuzunguka nyumba kwa kushoto hadi uani, kuna mistari miwili ya rula na katikati yake maandishi: NJIA YA MBUZI. Tulimwita mzee aione. Akavaa miwani, akaifuatisha kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Imekaa vizuri sana,” akasema. “Ila wenyewe wanaomba isogezwe kidogo, ipite karibu na spinachi.”