Ng'ombe wa Shosho na Shati la Jumapili

Kijana anayeanza misheni huja akiwa ameshafundishwa kuhubiri. Mwenza wangu mpya alitoka kituo cha mafunzo cha Johannesburg akiwa na masomo yote kichwani, maandiko akiyataja kwa sura na aya. Nililobakiwa nalo mimi lilikuwa kumfundisha kuwasha jiko la makaa yenye unyevu, kupika kabichi isiive kupita kiasi, na kufua shati jeupe lililopita kwenye tope la Dundori. Naamini kwa moyo wote kwamba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya malezi ya mmisionari.

Tulikuwa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wamormoni na ambalo lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991. Mvulana hutumikia miezi 24 na hachagui pa kwenda. Mimi wa Mombasa nilipelekwa Bonde la Ufa. Yeye wa Jinja, Uganda, akaletwa kwangu. Wiki 12 za mwanzo mgeni hukaa na mkufunzi, na katika wiki hizo, kama katika zote zinazofuata, wawili hawaachani. Mkienda sokoni mnakwenda wote. Mmoja akiumwa tumbo, mwingine naye anashinda ndani. Watu huiona sheria hii ngumu, ila mimi niliipenda, maana huwezi kumficha mtu wa namna hiyo hasira yako ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ya kuamka.

Na asubuhi za huko zina makali. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Lanet kushika barabara ya Ol Kalou, gari linapanda tu kuelekea Dundori tulikokaa, mashamba ya mahindi yakipisha viazi, karoti na kabichi. Mwenzangu alilala na koti, soksi mbilimbili.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee tuliyemwita Shosho, naye alituita wajukuu zake. Mali yake kubwa ilikuwa ng'ombe mmoja wa Friesian. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshamkamua na kuutoa mkebe barabarani kungoja gari la maziwa. Karo ya mjukuu aliyekaa naye, unga, hata mabati ya nyumba tuliyopanga, vyote vilitoka kwa mnyama yule.

Jioni aliyofika mgeni, Shosho alituletea chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, nzito, yenye moshi wa kuni. Sisi hatunywi. Neno la Hekima, mafundisho ya mwaka 1833, yanatuzuia chai na kahawa, pombe na tumbaku. Lakini kuirudisha chai ya mtu katika nyumba ya Dundori ni jambo zito, na mwenzangu alikishika kikombe kwa mikono miwili akanitazama.

"Shosho," nikasema, "tunaomba maziwa matupu."

Akanyamaza. Akaondoa vikombe, akateleka sufuria nyingine. "Basi mtaninywea ng'ombe mpaka akauke," akasema, na tangu siku hiyo jagi la maziwa moto halikukosa mlangoni petu.

Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, kununua chakula, kupiga simu nyumbani. Tulifua mashati kwa sabuni ya kipande, tukayaanika kwenye kamba iliyotoka kwenye dirisha letu hadi mti wa mukima karibu na zizi. Tukaingia kumenya viazi. Tulipotoka, ng'ombe alikuwa amefungua kamba yake na amesimama katikati ya nguo, ametulia kabisa, mkono wa shati ukining'inia mdomoni. Ng'ombe hana meno ya mbele taya la juu. Haumi nguo akaikata. Anaivuta kwa ulimi, ndani, ndani. Kifungo cha mkono kiligonga taya, kikapotea. Mwenzangu alirukia akashika kilichobaki, Shosho akaja mbio na mwiko mkononi akipiga kelele kwa Kikikuyu, tukavuta wote watatu. Tulipata ukosi na nusu ya mgongo.

Mfuko wa kifua haukuwemo, na hapo mwenzangu akabadilika rangi. Lilikuwa shati la Jumapili. Beji yake nyeusi, yenye pini nyuma, hakukumbuka kama aliitoa kabla ya kufua.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki. Kitambaa hakikumtisha sana, ingawa kinaweza kuziba njia. Pini ndiyo iliyomkunja uso. Chuma kikimezwa na ng'ombe hutua tumbo la pili, ambalo liko karibu na moyo, na kila likijikaza kinaweza kuchoma mbele zaidi. Akamfinya ng'ombe juu ya mabega kuona kama atainamisha mgongo. Mwenye maumivu ya ndani hukataa kuinama. Huyu aliinama. Hata hivyo daktari akammezesha sumaku, ikae tumboni na kukamata chuma chochote, akatuambia tumwangalie: akila na kucheua, tushukuru.

Kisha akamweleza Shosho kwa nini mnyama mwenye nyasi za nepia tele anatamani nguo. Hamu ya vitu visivyoliwa mara nyingi ni njaa ya chumvi na madini, hasa fosforasi. Na udongo wa pande hizi una sifa yake ya zamani: ugonjwa wa kukonda wa mifugo unaotokana na upungufu wa kobalti uliwahi kuitwa kwa jina la mji wa Nakuru, Nakuruitis. Ng'ombe wa Shosho hakuwa nao, ila jiwe la chumvi la kulamba lilikuwa limekwisha siku nyingi, na hela zilikwenda kwenye karo.

Mwenzangu alimlipa daktari kutoka posho yake ya mwezi kabla sijafungua mdomo. Akasema atalala zizini. Yaani tutalala zizini, maana hatuachani. Saa ya kulala kwetu ni saa nne na nusu usiku, kwa hiyo nilimpigia kiongozi wetu kuomba ruhusa, akatupa. Tukakaa juu ya magunia, taa ya simu ikimulika shavu la ng'ombe. Kijana aliomba kwa Luganda, kwa sauti ya chini, na sikuhitaji kujua maneno. Karibu na alfajiri tonge likapanda kooni, taya likaanza kwenda upande huu na upande ule. Alicheua. Shosho aliyekuja na ndoo ya kukamulia alimkuta mjukuu wake wa Jinja akilia bila aibu, naye akakaa kwenye kigoda akalia pia.

Beji ilirudi mchana huo kutoka shule ya chekechea, imebandikwa kwenye sweta la mjukuu halisi. Aliiokota juu ya jiwe la kufulia akaona inang'aa.

Jiwe la chumvi tulilinunua siku hiyohiyo, na mwezi ule tulikula viazi na kabichi. Nepia tulikata sisi kila alasiri kabla ya kutoka kutembelea watu, na nyumba ambazo hazikuwahi kutufungulia zilianza kutuita tukiwa na mizigo kichwani: "Nyinyi ndio vijana wa ng'ombe?" Mwenzangu alijifunza kunoa panga, kufunga mzigo, kukamua. Wakati wa uhamisho ulipofika na jina lake kutajwa, nilimpelekea Shosho habari kwamba kijana anaondoka na mwingine anakuja.

"Huyo anayekuja," akauliza, "ana mashati mangapi?"