Nusu Kichwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimfikiria mwanangu vizuri. Ilinipa likizo ya siku 84, ikampa baba yake siku 3, na niliporudi kazini ikaniruhusu hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Kichwa changu, kisichoguswa na msusi tangu mimba ya miezi saba, hakikutajwa popote. Na hizo saa mbili, kwa anayefanya kazi Posta akaishi Kimara, huliwa na foleni.

Basi Ijumaa usiku nikatangaza: kesho nasuka. Dada wa kazi alikuwa kwao Singida msibani, lakini baba watoto alijibu kwa sauti ya jemadari, "Nenda mke wangu, si mimi nipo?" Asubuhi nikakamua maziwa, nikabandika maharage, nikatoka kabla hajaghairi.

Msusi hajamaliza mstari wa kwanza, simu. Chumvi iko wapi? Simu tena. Nepi inafungiwa mbele au nyuma? (Huyu ni mtoto wetu wa tatu.) Simu tena. Luku imeisha. Nikanunua umeme, nikamtumia zile namba 20, nikazima sauti. Usingizi ukanichukua palepale kitini.

Nikaamshwa na jirani. "Shoga, mumeo kafungiwa nje!"

Alitoka na kichanga begani kwenda kuingiza namba kwenye mita iliyo ukutani nje. Nyuma yake yule wa miaka mitatu akasukuma komeo, akaona mchezo umenoga. Madirishani nondo tupu. Jikoni maharage, na gesi inawaka.

Nilikimbia, upande mmoja rasta, upande mwingine nywele timutimu. Msusi nyuma yangu na kitana mkononi, maana sijamlipa. Uwanjani nikakuta baraza zima: huyu anasema aitwe fundi, yule anasema mlango uvunjwe, na bibi mmoja anauliza ni mama gani huyu anayeacha watoto peke yao. Baba yao alikuwa kasimama pembeni yake, mtoto begani.

Nikainama kwenye tundu la kitasa. "Baba, vuta hicho chuma, nitakupa mfuko wa ubuyu."

Kimya. Kisha, kwa utulivu wa mfanyabiashara: "Miwili."

"Miwili."

Komeo likalia. Moshi ulitangulia kutoka, yeye akafuata.

Nikakaa barazani kunyonyesha. Msusi akavuta kigoda, akaendelea alipoachia. Baba watoto akaitoa sufuria nje, akaanza kuisugua kwa mchanga. Yule bibi roho ikamuuma.

"Acha baba, mkeo atasugua."

"Hana nafasi, bibi. Anasukwa."

Msusi alidai elfu tano zaidi kwa kuifuata kazi hadi nyumbani. Baba watoto alilipa, hakubisha.